Dume Jekundu Karibu Linikoseshe Bibi

Kwa desturi yetu kijana akienda kuposa hafungui mdomo. Anakaa kwa ngozi karibu na mlango, anaangalia vidole vya miguu, wazee ndio wanaongea. Sasa mtu kama mimi, ambaye mwalimu alinifukuza darasa la nne kwa sababu ya huo mdomo, hiyo si posa, hiyo ni jela.

Lakini yule msichana nilimtaka kabisa. Nilimpata soko ya Chwele. Mimi nilikuwa nimetoka Kitale, upande wa Kibomet, ambako nilikuwa nakamua ng'ombe za mzungu. Yeye alikuwa ameteremka kutoka mlimani na kikapu cha viazi. Nikamwambia kiazi chake kimoja kina sura ya mkubwa wangu, hata pua ni ile ile. Akacheka mpaka akakaa chini. Mwanamke akikuchekea hivyo, bana, unaenda kuita wazee.

Basi nikaita wazee. Msemaji wetu alikuwa baba mkubwa, ndugu ya baba yangu, yule alirudi kutoka vita ya Wazungu kule Bama na koti ya jeshi, na hakuna jua lilikuwa kali la kumvua hiyo koti.

Kosa lilitokea hapa. Sisi Wabukusu, kabla ya kutaja mahari, msemaji anasimama anajitaja: sisi ni ukoo gani, babu zetu walifanya nini. Baba mkubwa alikuwa amejitaja kwa posa nyingi, na kila mahali watu walipiga makofi. Alisahau kitu kimoja tu. Posa hizo zote zilikuwa za huku chini, Kanduyi na kwingine. Leo tulikuwa mlimani, ndani ya nyumba ya watu ambao babu zetu walipigana nao.

"Sisi ndio wale!" akasema, kifua mbele. "Babu yetu ndiye alipanda huu mlima na mkuki mmoja, akateremsha dume jekundu, sikio la kushoto limekatwa!"

Hakuna mtu alipiga makofi. Baba ya msichana akatoa mrija wa pombe ya busaa mdomoni, pole pole.

"Sikio la kushoto?"

"La kushoto, mzee."

"Pembe moja inaangalia chini?"

"Hiyo hiyo!" Baba mkubwa akafurahi, ati amepata mtu anajua historia.

"Hiyo ilikuwa ya babu yangu. Na haikufika kwenu. Tuliirudisha kabla haijavuka mto. Nyinyi mlikimbia mpaka mkaacha ngao."

"Kukimbia? Sisi? Dume lilifika kwetu, likazalisha, likakufa na sotoka!"

"Lilikufia hapa! Babu alililia kama mtoto!"

Vita ikaanza upya. Nani alianza? Wao wakasema watu wa chini walileta ng'ombe kulamba chumvi kwa mapango yao bila kuomba. Sisi tukasema wao waliteremka kwanza wakachukua mbuzi. Wao: mbuzi zilikuwa zimekula mtama. Sisi: mtama ulipandwa kwa njia ya mbuzi. Nikaona kwa mwendo huu tutafika kwa Adamu, na Adamu tutamwuliza yeye ni wa mlimani ama wa chini. Yote hayo ni ya nyasi na chumvi! Na nyasi kubwa yenyewe leo iko ndani ya seng'enge ya mzungu, na chumvi ni mimi ninapelekea ng'ombe zake na ndoo kila asubuhi. Nilitaka sana kusema hivyo. Nikauma ulimi.

Baba ya msichana akasimama. "Sitoi mtoto kwa ukoo wa waongo. Semeni kwanza dume halikufika."

"Nikisema hivyo nitaingia kwetu na uso gani?" Baba mkubwa akaanza kufunga koti, kutoka chini. Vifungo vilikuwa vitano. Akifika cha juu tumeondoka, na mimi sina bibi. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu.

Cha nne, desturi ikanishinda.

"Wazee, si tuulize mtu aliona hiyo vita?"

Baba mkubwa aliniangalia kama nimevua suruali.

"Mimi niliona," sauti ikasema kutoka jikoni. Akatoka mama yake yule mzee, nyanya ya msichana, na mwiko mkononi. "Nilikuwa mdogo, tumefichwa pangoni. Hawa wanavuta dume huku, wale wanavuta kule. Mvua ya mawe ikapiga. Wote wakakimbia! Dume likabaki peke yake, likaingia pangoni kwetu kulamba chumvi."

"Halafu?" wazee wote wawili wakauliza pamoja.

"Wanawake wa kwenu walikuwa humo pia." Akamwelekezea baba mkubwa mwiko. "Walikuja kubadilisha mtama na chumvi, vita ikawafungia ndani. Tulikuwa na njaa siku tatu. Tukalichinja."

"Mama! Dume la babu?"

"Lote. Wanaume walirudi kuuliza, tukasema hatujaona kitu. Sasa nani atarudi kwake mikono mitupu? Hawa wakadanganya huku, wale wakadanganya kule. Na nyinyi mmekaa hapa mnapigania kinyesi."

Nilicheka mimi kwanza. Nyuma ya mlango nikasikia kile kicheko cha Chwele. Baba mkubwa alisimama pale na kifungo mkononi.

"Nyama ilikuwa tamu, mama?"

"Ilikuwa ngumu kama hiyo koti yako. Lakini tulikula."

Baba ya msichana akajaribu kukaza uso, ukakataa. Akampa baba mkubwa mrija wake. "Kunywa, mzee. Mimi na wewe tumepigwa na wanawake." Baba mkubwa akavuta busaa, na kwa mara ya kwanza tangu Bama akavua koti.

Ndipo wakaita msichana, aulizwe mbele ya watu kama anakubali kwenda kwetu. Akasema ndiyo kwa sauti ndogo sana, macho chini. Baba yake akamwambia arudie, hajasikia vizuri. Akarudia, na kuku zote zilizokuwa ndani ya nyumba zikatoka nje mbio.