Maji Ambayo Yarow Hakuyaonja

Mtu akikuletea kitu cha kunywa, yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukionja. Katunge hakufundishwa jambo hilo shuleni wala kanisani. Alilijua tangu utotoni Kalamba, kule Makueni, tangu baba yake aliporudi kutoka kwa jirani akiwa amekunywa uki, ile pombe ya asali, akalala asiamke. Huenda moyo ulimsaliti. Hakuna daktari aliyemtazama. Lakini mama yake Katunge alishikilia alichoshikilia, kwamba yule jirani alimmiminia mgeni bila yeye mwenyewe kutia kibuyu mdomoni. Kuanzia hapo, katika nyumba ile, hata shangazi akipika chai alitangulia kuinywa yeye huku watoto wakimkodolea macho.

Katunge aliolewa Mwingi na desturi hiyo ikaja naye, pamoja na cherehani ya kushonea sare za shule. Mumewe, Kisilu, aliendesha malori ya barabara ya Garissa hadi mgongo ukakataa, na siku zote alisema kwamba kumkaribisha mkewe kwenye sherehe ni kumpa kazi ya upelelezi. Katunge hakukasirika. Alijua watu walivyo. Alijua nani anapunja dengu kwenye kipimo, nani anasali kwa sauti kubwa kwa sababu ana deni kwa muumini wa kiti cha nyuma. Kanisani walimchagua kuwa kiongozi wa waombezi, na mjini wakamwita Mama Maombi.

Kila alfajiri, kabla mji haujaanza kupiga honi, alikwenda nyuma ya kanisa, akafudikiza mtungi wa plastiki, akaukalia na kunyamaza. Hakusema neno. Alisubiri tu. Kilichomjia katika kimya kile alikichukua kuwa kimetoka juu, na akitoka pale aliwaeleza wenzake. Mara nyingi kilikuwa kitu chema: nendeni mkamwone fulani, anaumwa. Lakini kimya hakichagui kinachoingia, na mimi nasema wazi kwamba Katunge hakuwahi kujifunza kutofautisha ufunuo na wasiwasi. Vyote viwili vilimjia kwa sauti ileile.

Ndipo wakaja wakimbizi. Kule upande wa mto Tana ngamia walikuwa wameingia mashambani wakala kunde na pojo, wenye mashamba wakatoka na mishale, wafugaji wakajibu kwa bunduki. Nyumba zilichomwa. Upande wa wafugaji pia kulikuwa na maiti, ingawa hilo halikutajwa sana kwenye mahubiri. Familia zilifika Mwingi na vyungu, kuku na watoto, zikalala katika madarasa ya shule ya Jumapili na chini ya maturubai uani. Mchungaji Nthiwa alikwenda Nairobi kutafuta msaada na uwanja wote akamwachia Katunge.

Alifanya kazi, huwezi kumnyima hilo. Alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwenye masufuria ya harusi. Alishona mablanketi yaliyoraruka. Jioni aliwakusanya, akawaombea kwa Kikamba mpaka wazee waliokuwa hawajatoa chozi wakatoa. Watu wale walikuwa wameachwa na kila kitu walichokuwa wakikitegemea, na neno la Mama Maombi likawa ndilo paa lao. Akisema kaeni, wanakaa. Akisema Mungu amenionyesha mtarudi nyumbani kabla ya mvua, wanaacha kulia, wanalala usingizi.

Kilichokosekana ni maji. Mabomba ya upande ule yalikuwa yamekauka, na lori la serikali lilikuja lilipojisikia. Basi Alhamisi moja asubuhi likaingia uani lori la maji la kijani, na aliyeshuka ni Yarow.

Yarow alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Watu wake walitoka kaskazini mashariki lakini yeye alizaliwa palepale Mwingi, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha vijana wengi wa mjini. Jambo hilo ndilo lililomkera Katunge zaidi. Mtu asiyejua lugha yako unajua yuko upande gani. Huyu alisalimia wazee kwa heshima zote, akainama kidogo kwa kina mama, halafu ukiuliza ng'ombe na ngamia anaowauza wametoka wapi, anasema ni kwa watu mbalimbali.

Alisema ameleta maji ya kisima chake, ni sadaka, wachote. Wanawake wakainuka na mitungi. Katunge akasimama mbele ya bomba la lori na kikombe mkononi. Alikikinga, kikajaa, akamnyooshea Yarow mbele ya watu wote.

"Onja kwanza," akasema.

Yarow alikitazama kile kikombe. Alitazama chini. "Leo siwezi, mwaitu," akajibu taratibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Mwambie dereva aonje, ama nionje kesho."

Dereva alikuwa kijana wa kukodiwa, Mkamba wa Migwani. Katunge akasema dereva siye mwenye maji. Anayetoa ndiye anayeonja. Je, ataonja? Yarow akarudia kwamba leo hawezi, na hakuongeza sababu. Katunge alihisi kitu kikimwingia, baridi na chenye uhakika, kama vile vitu vilivyomjia alfajiri nyuma ya kanisa. Akakimwaga kile kikombe. Akainua mkono, akaomba kwa sauti, na katikati ya maombi akatangaza kwamba Mungu amemwonyesha uchafu ndani ya maji yale na asiyaguse mtu yeyote.

Hakuna aliyeyagusa. Yarow akapanda lori lake, akaondoka nalo likiwa limejaa.

Siku hiyo yote Katunge hakula wala kunywa chochote. Alikuwa amefunga kwa ajili ya wale wakimbizi, kama alivyofanya kila Alhamisi tangu waje, na kwa kuwa Maandiko yanakataza kujionyesha, alijipaka mafuta usoni mpaka ukang'ara, na watu walipomkaribisha chai alisema ameshakunywa. Mwanamke mwenye akili zake timamu, koo limemkauka kwa kufunga kwa siri, anamhukumu mwanamume aliyekataa kikombe bila kusema kwa nini! Lakini wakati huo hakuliona, na kusema kweli uwanja mzima haukuliona.

Lori la serikali halikuja. Wanawake wakaenda mtoni, wakachimba mchangani pale wanyama wanaponyweshwa, wakarudi na maji ya rangi ya chai. Kufikia Jumapili watoto kadhaa walikuwa wakiharisha, na aliyezidiwa alikuwa Ndinda, mtoto wa Mbula, mjane kijana aliyekimbia nyumbani akiwa amembeba huyo mmoja tu. Hospitalini walimwekea dripu. Muuguzi alimuuliza Mbula kwani walikosa maji mengine. Mbula akajibu kwamba yaliletwa, lakini Mungu aliyakataa. Katunge alikuwa amekaa kwenye benchi palepale. Muuguzi aliandika kitu bila kuinua macho.

Jumatatu mchana Katunge akaenda dukani kwa Istahil, mke wa Yarow, aliyeuza sukari, majani ya chai na vitambaa. Msidhani alikwenda kuomba radhi. Alikwenda kuchunguza. Aliuliza bei ya kitambaa ambacho hakukitaka, akakivuta huku na huku, mwishowe akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba wiki iliyopita bwana wake alikataa kuonja maji yake mwenyewe.

Istahil aliacha kukunja kitambaa. "Aliniambia. Alikuwa amefunga, mama. Tangu hao watu wafike, Jumatatu na Alhamisi anafunga, anawaombea. Hata leo amefunga. Hapendi kuambia watu."

Katunge alisema aha. Moyoni akasema hadithi hiyo imepikwa, imeiva na kupakuliwa. Kufunga kwa Waislamu anakujua, kuna mwezi wake, na mwezi wenyewe bado. Akamuuliza Istahil kama anaweza kupumzika kidogo kwenye kiti, miguu inamuuma. Akakaa. Wateja waliingia wakatoka. Alasiri ikapita. Istahil alimletea soda, naye akaiweka chini bila kuifungua. Istahil akaona, akaendelea kukunja vitambaa.

Yarow alirudi jua likielekea kuzama, midomo imepauka. Alishtuka kumkuta Katunge dukani, akamsalimia, akasubiri mlangoni bila kukaa. Adhana ilipotoka msikitini, akachukua tende, kisha akakinga kikombe cha maji kutoka kwenye mtungi wa kisima chake, uliopakwa rangi ileile ya lori, akanywa. Akakinga tena, akanywa tena, polepole, macho ameyafumba. Katunge alimtazama koo likipanda na kushuka. Hakuna mtu anayeweza kuigiza kiu namna ile. Yeye kiu ile alikuwa anaijua.

Alichosema ni kwamba watoto hawana maji. Yarow akajibu kwamba kesho hafungi, ataleta asubuhi.

Jumanne lori likaja. Yarow alikinga kikombe mwenyewe, akanywa chote mbele ya wote, akakigeuza waone kimekwisha. Hakuna mwanamke aliyesogea. Walimtazama Katunge. Mzee Mulei, aliyekuwa msemaji wa wakimbizi, akauliza kwa upole sana: "Mama Maombi, Mungu alikuonyesha uchafu. Sasa huyu akiyanywa, Mungu ameonekana muongo?"

Ilikuwa rahisi kujibu. Maneno yalikuwa machache na Katunge aliyajua. Lakini alifikiria zile jioni, wale wazee wakilia, wale watoto wanaolala kwa sababu yeye amesema walale, akaona akilichomoa tofali hilo moja ukuta wote unamwangukia. Nafsi yake nayo aliifikiria, tusimpambe. Akainua mikono juu ya lori la kijani, akaomba kwa nguvu, akayatakasa maji, akaufunga na kuufukuza uchafu ambao haukuwahi kuwemo. Watu wakasema amina. Yarow, ambaye alielewa kila neno, alikuwa amesimama kando ya bomba na kofia mkononi. Katunge akamsikia naye akisema amina. Kisha Yarow akafungua bomba.

Wakanywa. Katunge alikwenda nyuma ya jiko akasimama huko mpaka lori lilipoondoka.

Na mambo yangeishia hapo, laiti uongo ungetumika mara moja ukatupwa. Alhamisi iliyofuata alikuwa nyumbani kwenye cherehani yake Mbula alipokuja mbio, Ndinda mgongoni, amepona lakini amebaki macho tu. Alisema lori limefika na watu wanamsubiri Mama aje. Limefika lini? Muda mrefu. Kwa nini hawachoti? Mbula akamshangaa. Watachotaje kabla hajayatakasa?

Katunge alifika, akakuta jua kali, mitungi imepangwa mstari, lori limezimwa. Yarow alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, mgongo umeegemea mlango, midomo mikavu. Alhamisi. Mtu alikuwa amempelekea kikombe cha uji, kiko pembeni yake, hakijaguswa, na wanawake wawili walikuwa wakikitazama kile kikombe kwa jicho ambalo Katunge alilitambua mara moja, kwa kuwa lilikuwa lake.

Watu wakainamisha vichwa kungoja maombi. Katunge hakuinua mikono.

"Fumbueni macho," akasema. "Siku ile ya kwanza Mungu hakuniambia kitu. Niliogopa tu, nikamsingizia. Huyu mzee alikuwa amefunga kwa ajili yenu, na hata leo amefunga. Maji yake hayajawahi kuwa na kitu. Jumanne niliwadanganya tena."

Mzee Mulei alikaa chini taratibu juu ya jiwe. Mwanamke mmoja akachukua mtungi wake mtupu akarudi nao kwenye turubai. Wengine walitazamana, wakamtazama Yarow, wakamtazama Katunge, na sasa jicho lile halikujua litue kwa nani. Yarow alikuwa anatazama mikono yake.

Mbula ndiye aliyeuliza. "Na ile ya kwamba tutarudi nyumbani kabla ya mvua? Ile ulisema umeonyeshwa, tukaacha kulia. Hiyo ni Mungu, ama ni wewe?"

Katunge alitafuta ndani yake, pale ambapo sauti zote zilikuwa zikitokea. Alitafuta kwa uaminifu, pengine kwa mara ya kwanza.

"Sijui," akasema.

Mbula alimrekebisha mtoto mgongoni. Hakulia na hakumtukana. Aliokota mtungi wake, akampita Katunge bila kumgusa, akauweka chini ya bomba na kumwambia Yarow afungue.