Kiuno cha Gauni la Kijani

Zamani, enzi za kupanga foleni ya vitambaa kwenye duka la ushirika, fundi cherehani yule wa barazani hapo Bariadi sokoni hakuhitaji futi ya kupimia. Alimtazama mtu mara moja tu, akasema, "Nenda mayu, mama yangu, njoo Ijumaa," na nguo ilikaa. Sasa mitumba ilikuwa imemwagwa mpaka mlangoni kwake, na kisukari kilikuwa kimeshamvuruga kichwa. Sukari ikipanda, anasahau hata alichoshika. Majina ya wateja aliyaandika mezani kwa chaki, kisha kiwiko chake mwenyewe kikayafuta. Hata hivyo Esteria, mteja wake tangu usichana na sasa mama wa watoto sita, hakutaka mtumba. Alimpelekea kitambaa cha kijani.

Ijumaa fundi akamkunjulia gauni, akipapasa mshono kwa kidole gumba, vilevile kama zamani. Mshono ulikuwa umenyooka, lakini kiuno kilikuwa chembamba mno: kiuno cha Esteria wa mwaka ule alioolewa. Esteria akajipimishia juu ya kanga, kisha akalikumbatia kifuani asionyeshe kwamba halimtoshi.

"Limekutosha?" fundi akauliza, macho yakimganda usoni.

"Limenikaa, baba."

Fundi akashusha pumzi. "Nilijua. Wewe sijakusahau."