Kiti cha Mgeuza Kurasa

Kwenye duka kubwa la dobi walimwita Mama Pasi, ingawa hakuwa na mtoto hata wa kusingiziwa. Jina lilimganda kwa sababu ya miaka ishirini na sita aliyosimama nyuma ya meza moja, dirisha la pili kutoka mlangoni, akinyoosha mashuka ya hoteli na mashati ya watu asiowajua sura. Akiulizwa nyumbani kuna nani, alijibu, "Nipo mimi na vyombo." Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini hilo ndilo lilikuwa jibu kamili. Mume aliondoka zamani, hakurudi hata kuchukua viatu vyake. Dada yake mkubwa, waliyekuwa wakiishi naye chumba kimoja, alifariki, kikabaki kitanda chake upande wa pili, kimetandikwa vizuri, hakilaliwi. Jioni Mama Pasi alikula amesimama karibu na jiko, kwa kuwa akikaa mezani peke yake alijisikia anavyotafuna.

Siku moja alitumwa kupeleka mapazia kwenye ukumbi wa muziki. Jukwaani alikuwepo mpiga piano, mzee mrefu aliyeitwa Mwalimu na kila mtu, hata na waliomzidi umri.

"Nani huyo?" aliuliza mzee bila kugeuka.

"Wa dobi, Mwalimu. Nimeleta mapazia."

"Mgeuza kurasa wangu amehama mji. Mikono yako mikavu?"

"Mikono ya mpiga pasi itapata wapi maji?"

Mzee akacheka. "Basi keti hapa kushoto kwangu. Nikitikisa kichwa, geuza."

Aligeuza mara kumi na moja. Muziki wenyewe hakuuelewa. Alichokielewa ni kwamba kuna mtu amekaa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na mtu huyo anamhitaji kila baada ya dakika moja na nusu. Tangu dada afariki hakuna aliyemhitaji kwa jambo lolote lisilokuwa na mikunjo.

"Njoo tena Alhamisi," alisema Mwalimu. "Lakini ujifunze kusoma noti za muziki. Mgeuzaji wa kutikisiwa kichwa ananichosha shingo."

Basi mwanamke wa miaka hamsini na minne akanunua daftari. Alitandaza karatasi kwenye kitanda cha dada, kwa kuwa meza ilikuwa ndogo, akaanza na ile mistari mitano na vichwa vyeusi vinavyoikalia. Alama za kimya zilimchosha kuliko za sauti: moja inaning'inia chini ya mstari, ya pili inakaa juu ya mstari, na zote mbili zinamwambia mpigaji anyamaze, ila kila moja kwa muda wake. Aliona ni uchokozi mtupu. Kisha yakaja maneno ya Kiitaliano. *Crescendo*, sauti ipande kidogo kidogo. *Rallentando*, punguza mwendo. *Da capo* alilichukia tangu siku ya kwanza, maana linamrudisha mpigaji mwanzo kabisa, na mgeuzaji lazima arudishe kurasa zote kwa mkupuo mmoja, haraka, bila kupuliza upepo.

Kazini alikariri kwa pasi. "Legato," alimweleza mfuaji wa meza ya jirani, "ni hivi," akaipitisha pasi toka pindo hadi pindo bila kuinyanyua. "Na staccato ndiyo hii," akaigusisha katikati ya vifungo, tu, tu, tu.

"Mwenzangu, olewa na hilo daftari tujue moja," alisema mfuaji.

Mwalimu alikoma kutikisa kichwa. Mama Pasi alijua mwenyewe lini ainuke nusu, ashike pembe ya ukurasa, angoje, ageuze. Alhamisi na Jumamosi zikawa siku zake. Nyingine zilikuwa njia ya kuzifikia.

Jumamosi moja walikuwa wanapiga kipande ambacho Mwalimu alikijua tangu ujana wake. Mama Pasi alikuwa ametoka kutia wanga kola za wahudumu wa hoteli, akanawa upesi upesi, na wanga haunawiki upesi upesi. Vidole vikanasa kurasa mbili, zikageuka kwa pamoja. Hakuthubutu kuzirudisha. Karatasi iliyokuwa mbele ya mzee sasa iliandikwa vichwa vichache, sauti ndogo, mwendo wa taratibu. Mzee alikuwa anapiga kwa nguvu na kwa kasi, sawasawa kabisa na ule ukurasa uliorukwa.

Alingoja mpaka mwisho.

"Mwalimu, nimegeuza mbili."

"Ah. Sikuona."

"Ndiyo hivyo. Hukuona."

Mzee aliweka mikono mapajani. Nje mtu alikuwa anafagia ngazi. "Mwaka wa pili sasa," alisema. "Naona mwanga, naona kivuli. Vichwa vya noti vilishakwenda zamani."

"Na mimi je? Nimekaa hapa miezi yote hii nageuza nini?"

"Mama Pasi, mpigaji mwenye mgeuzaji pembeni, nani atamuuliza kuhusu macho yake? Mwenyekiti wa ukumbi alishasema, siku macho yakinishinda ataletwa kijana. Nikitoka hapa ninakwenda kukaa kwa mwanangu, kwenye kochi, nisubiri kuitwa kula."

Mama Pasi alichukia. Alichukia kweli, mpaka masikio yakamwaka moto. Kumbe alikuwa pazia! Alirudi nyumbani akalitupa daftari chini ya kitanda cha dada, akaapa hatakwenda tena. Akakaa na kiapo chake Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Jumatano akapiga magoti, akalivuta kwa ufagio.

Alhamisi alimkuta mwenyekiti wa ukumbi ameketi na Mwalimu, mkononi ana kitabu kipya. Ukumbi ulikuwa unatimiza miaka arobaini, na kilikuwa kimetungwa kipande maalumu ambacho hakijawahi kupigwa popote. Mwenyekiti alimvuta Mama Pasi pembeni.

"Dada yangu, wewe unakaa naye. Hebu niambie ukweli. Mzee anaona?"

"Anaona mpaka vumbi kwenye vidole vyangu," alijibu Mama Pasi, mkavu wa macho.

Mwenyekiti alipoondoka, Mama Pasi alikifungua kitabu, akavuta kiti.

"Haya, Mwalimu. Mkono wa kulia. So, la, ti ya kushushwa. Halafu kimya, kile cha kukaa juu ya mstari."

"Mwendo?"

"Wameandika *andante*, mwendo wa mtu anayetembea. Na mstari wa tatu kuna *rallentando*."

"Inaanzia kichwa cha ngapi?"

"Cha nne. Hapana, subiri. Cha tano."

Walikwenda hivyo wiki saba, mkono mmoja mmoja, mstari mmoja mmoja, kila jioni baada ya kazi. Akikosea yeye, mzee alikosea. Zilikuwa wiki nzuri kuliko zote alizokumbuka, na alilisema hilo kwa sauti nyumbani, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Siku ya sherehe walikuta piano imegeuzwa. Wapambaji walitaka watu wauone mkono wa kulia wa mpigaji, wakaizungusha yote na kuweka maua pale ilipokuwa. Mama Pasi alimnong'oneza hatua za kufikia kiti: nane badala ya tano, kisha kulia. Mzee alihesabu, akafika, akakaa. Hakuna aliyeshtuka.

Akapiga. Hakukosea popote. Mama Pasi aligeuza kurasa kumi na nane ambazo hakuna aliyezisoma ila yeye.

Makofi yalipolipuka na kurudishwa na kuta zote, Mwalimu alisimama, akaushika ubao wa piano, akageukia upande aliougeukia miaka yote, akainama. Aliliinamia pazia. Watu walimwona mgongo. Akainuka, akatabasamu kule kule, akainama tena. Kutoka viti vya nyuma kikasikika kicheko, kisha kingine.

Mgeuza kurasa hapigiwi makofi. Kanuni ni kwamba atulie kwenye kiti, macho chini, mpaka mpigaji aondoke. Mama Pasi aliijua kanuni, na alijua zaidi ya hapo. Akitulia, watasema mzee amechoka, amechanganyikiwa na maua, na Alhamisi atakuwepo hapa. Akisimama, mwenyekiti aliye safu ya mbele atajua yote.

Mwalimu aliinama mara ya tatu. Vicheko vikazidi.

Mama Pasi alisimama. Alimshika kiwiko akamgeuza, taratibu, hadi taa zikamwangaza uso.

"Wapo huku, Mwalimu."

Mwenyekiti alishusha mikono yake. Na kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa ameshaona, Mama Pasi hakukiachia tena kile kiwiko.