Tulivyopika pombe ya ulezi kwa hita ya umeme Sumbawanga, baba akiwa haongei na mume wangu

Wakuu, habari za humu ndani. Wa umri wangu tupeane pole za magoti. Vijana, marahaba, nimeshaitikia kabisa kabla hamjaniamkia.

Juzi nilisoma uzi wa kijana mmoja anayepika bia nyumbani kwa mtambo wa umeme. Analalamika chini inaungua, juu bado ya baridi, na temperature control imemshinda. Watu wakamjibu kwa maneno makubwa, heat transfer sijui nini. Nilicheka mpaka mume wangu akauliza kuna nini kwenye hiyo simu.

Kijana, tatizo lako sisi tulishalipata Sumbawanga enzi za Ujamaa, baba yako hajaota meno. Nasimulia yaliyonikuta mwenyewe, na shahidi amekaa hapa pembeni ananisahihisha kila sentensi ya pili. Nikidanganya atalalamika yeye kabla yenu.

Twende.

Mimi ni Mfipa wa upande wa Msanzi. Mume wangu, Ambokile, ni mtu wa Mbeya. Serikali ilimleta Sumbawanga kama fundi umeme wa karakana, tukaonana, tukapendana, tukafunga ndoa kanisani. Mahari ilipokelewa, kila kitu kwa utaratibu. Ila baba yangu mzazi alikuwa haongei naye.

Sio kwamba waligombana, hapana. Baba alinifanya mimi ndio simu yake. Wamekaa chumba kimoja, magoti yanakaribia kugusana, halafu baba ananiambia, "Mwambie mwenzako mvua inakuja." Ambokile kasikia kila kitu. Lakini inabidi nigeuke nimwambie, mvua inakuja. Naye ananijibu mimi, "Mwambie baba nimeshukuru."

Mbele za watu nilikuwa nacheka. Nikirudi nyumbani nalia.

Mama alikuwa ameshafariki, mimi ndiye binti pekee, na nilijua kinachomuuma baba. Mtumishi wa serikali leo yupo, kesho kahamishwa. Machoni pa baba, Ambokile alikuwa mtu atakayeamka siku moja akaondoka na mimi.

Basi ikaja operesheni ya vijiji. Baba akahamia kijiji kipya, nyumba mpya, na shamba ambalo halijawahi kuguswa na jembe.

Wafipa wenzangu mnajua, wengine niwaeleze kidogo. Kwetu, mvua zikielekea mwisho na nyasi bado mbichi, tunazifukia kwenye vilima vya udongo vinavyoitwa ntumba. Zinaozea humo, ndio mbolea ya msimu unaofuata. Kazi hiyo huifanyi peke yako. Unaita watu, nao wanakuja kwa pombe. Pombe ikiwa mbaya, wanakunywa kikombe kimoja cha heshima, halafu kila mmoja anakumbuka kwamba ameacha mtoto mgonjwa nyumbani.

Baba hakuwa na mke wa kumpikia. Wakamshauri amwombe mama jirani, akakataa. Akanitumia ujumbe: pombe itoke nyumbani kwangu mjini, na ailete mkwe kwa mikono yake.

Hapo wakuu nilikosa usingizi. Kwenye ukoo wetu pombe ya kwanza kutoka nyumba ya binti aliyeolewa ndiyo inayomwingiza mkwe ndani. Ikinyweka, huyo ni mtoto wa nyumba. Isiponyweka, hakuna atakayemtukana, watampa kiti na chakula, ila atabaki mgeni mpaka anazeeka.

Kimea alinitumia baba mwenyewe, mfuko mmoja. Kimea ni ulezi ulioloweshwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Ndicho kinachougeuza uji wa mahindi uwe mtamu, na baadaye uwe pombe. Kuotesha kingine kunataka siku nyingi, na nyasi za shambani zilikuwa hazitusubiri.

Sasa tatizo la kwanza likawa kuni. Uwanda wa Ufipa ni nyasi na upepo, kuni unazifuata mbali. Nyumba yetu ilikuwa imepakana na karakana, na jenereta ya karakana ilikuwa inanguruma mchana kutwa siku za kazi. Ambokile akasema, kuni za nini wakati mumeo ni fundi umeme?

Alimwomba msimamizi wake hita iliyotolewa kwenye boila bovu. Ni koili nene ya kuchemshia maji. Akaitumbukiza kwenye sufuria kubwa la uji, akawasha, akakunja mikono kifuani kama waziri anayezindua bwawa.

Haukupita muda nikasikia harufu. Uji mzito hautembei, wakuu. Maji yakipata moto chini yanapanda juu na ya juu yanashuka, lakini uji umekaa pale pale umeikumbatia koili. Uliokuwa karibu ukawa mkaa, wa juu ungeweza kumwogeshea mtoto. Tulipoichomoa ile hita ilikuwa imevaa koti jeusi, Ambokile akalikwangua kwa bisibisi huku hataki kunitazama.

Uji tukawapa nguruwe wa jirani. Bahati nzuri kimea kilikuwa hakijaingia.

Mara ya pili nikasema sasa napika mimi. Nikapika uji kwa kuni chache za kuombaomba, ukaiva vizuri. Kisha nikafanya kama mama: nikauacha upoe kiasi, nikatia nusu ya kimea, nikafunika kwa blanketi, nikaenda zangu.

Nilichosahau ni kwamba mama alikuwa anatumia chungu cha udongo. Chungu kinene kinatunza moto, ukikifunika kinakaa na joto lake mpaka kimea kimalize kazi. Mimi nilikuwa na sufuria la bati jembamba, kwenye ule upepo wa Sumbawanga unaopita chini ya mlango kama mwenye nyumba. Niliporudi uji ulikuwa baridi, mzito vile vile, haujaingia utamu hata chembe. Ukaishia kuchacha.

Nilikaa chini nikalia waziwazi. Kimea kimebaki nusu, watu wa baba wameshaalikwa. Ambokile akakaa chini pamoja na mimi, sakafuni, na ovaroli lake la grisi. Hakuniambia nyamaza. Akasema tu, "Tufikirie wote wawili, kila mtu akifikiria peke yake tunaharibu."

Na hapa kijana wa ule uzi ndio uchukue kalamu.

Alileta pipa la mafuta lililokatwa nusu, tukalisugua kwa mchanga na majivu mpaka mikono ikachubuka. Tukatia maji, hita ikakaa chini ndani ya maji. Juu yake tukapanga mawe, na sufuria la uji mpya likakaa juu ya mawe, maji yamelizunguka pande zote. Kwa hiyo hita inapasha maji, na maji ndiyo yanapasha uji. Maji hayawezi kuunguza kitu.

Kabla ya kuweka sufuria alinyunyiza pumba za ulezi kwenye yale maji. "Tazama," akaniambia. Zile pumba zikapanda katikati, zikatawanyika, zikashuka pembeni, zikapanda tena. Tulikaa tumeinamia pipa, vichwa vimegusana, tunatazama pumba zinacheza. Mpaka leo nikimkumbuka ujanani ndivyo ninavyomwona, uso wote mvuke.

Nje ya pipa tukalifunga magunia ya katani, juu ya magunia blanketi letu la harusi. Upepo ukatafute nyumba nyingine.

Ikabaki temperature control. Mama alikuwa anapima kwa kidole: kiingie na kutoka bila kelele, lakini kisiweze kukaa. Zaidi ya hapo kimea kinaungua na kufa, chini ya hapo kinalala. Mimi nikichovya nasema bado ni moto sana. Ambokile akichovya anasema tayari, weka. Vidole vyake vilikuwa sugu kwa nyaya na nyundo, angeweza kushika kaa la moto akakuuliza nani kazima jiko. Tukabishana pale mpaka jirani akachungulia dirishani.

Nilikuwa na donge la nta ya nyuki la kuzibia nyufa za vibuyu. Wakati tunabishana nilikuwa nimeliweka kwenye ukingo wa pipa, likadondokea ndani. Joto lilipofika pale ambapo kidole changu kinasema ndiyo, nikaona nta inaanza kulainika na kuyeyuka. Nikamwonyesha. Tukaacha maji yapoe, nta ikaganda. Tukapasha tena, ikayeyuka pale pale kwenye kidole changu.

Alinibusu kwenye paji la uso, mchana kweupe, jirani bado yupo dirishani.

Akatengeneza kidude. Fimbo ya shaba imesimama ndani ya maji, kwenye ncha yake iliyozama amegandisha uzi kwa nta. Ule uzi unapita juu na kushikilia nati nzito iliyoning'inia juu ya mkono wa swichi. Maji yakifika joto lile, nta inaachia, nati inaanguka, swichi inashuka, umeme unakatika. Yakipoa kidogo unagandisha nta upya na kuwasha tena. Aliweka na waya wa ardhi, na mimi nilikatazwa kutia mwiko kabla swichi haijashuka. Hilo usilifanyie mzaha, kijana.

Tukatia kimea kilichobaki, tukaacha konzi moja tu ya baadaye. Tukakaa pale kwa zamu kama walinzi, nta, nati, nta, nati. Kufikia mchana ule uji mzito ulikuwa umelegea ukawa kama maji ya wali, na mtamu mpaka nyuki wakaja. Na kwa kuwa sasa ulikuwa mwepesi, hita ikaingia humo humo moja kwa moja, ukachemka bila kuungua. Ukapoa, tukatia kimea cha mwisho cha kuumulia, na ikaanza kupiga povu.

Ilipoiva tukaijaza kwenye madebe, tukayapakia kwenye lori la karakana lililokuwa linaelekea Matai, njia ya kijijini kwa baba, Ambokile ameyakumbatia yale madebe njia nzima. Hakumruhusu mtu mwingine kuyashusha.

Baba alichota kwa kata, akaonja, akatazama shamba. Akaipitisha kwa wenzake.

Wakuu, siku ile hakuna aliyekumbuka mtoto mgonjwa. Watu walilima na kunywa, wakalima na kuimba, shamba lote likajaa ntumba. Ambokile naye alishika jembe. Vilima vyake vilikuwa vya ajabu, na baba alikuwa anapita nyuma yake anavitengeneza kimya kimya. Lakini neno hakumpa, na mimi moyo ukawa unashuka.

Lori liliporudi kutuchukua, baba alitusindikiza mpaka kwenye gurudumu. Nikasogea karibu, nikijua nitapewa ujumbe wa kufikisha. Akanipita.

"Ambokile," akasema. Sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. "Siku wakikuhamisha, usimtume huyu kuja kuniambia. Uje mwenyewe."

Mume wangu alitaka kunigeukia, mazoea, akajizuia. "Nitakuja, baba."

Miaka ilipita, na kweli wakamhamisha. Alichukua baiskeli akaenda peke yake mpaka kwa baba, akalala huko. Alirudi kesho yake macho mekundu, na mfuko wa kimea umefungwa nyuma ya baiskeli.

Kijana, fundisho ni hili: usiupeleke moto moja kwa moja kwenye kitu kizito, weka maji katikati, funga gunia nje, na tafuta kipimo ambacho nyote wawili mtakiamini. Wenye thermostat za kisasa karibuni mnikosoe, na Wafipa mnisaidie, nyumbani kwenu kimea mlikuwa mnakipimaje?

Kitu kimoja sikijui mpaka leo, ni walichoongea usiku ule yeye na baba. Nimemuuliza tena sasa hivi wakati naandika. Amevua miwani, ameifuta muda mrefu, ananiambia niendelee kuandika.