Emilian na Sauti za Wazee wa Nainokanoka

Sifa zote ni za Mola Msikivu, ambaye katika hifadhi Yake halipotei neno la mja.

Saa mbili asubuhi, katika ofisi ya asasi ya kuhifadhi simulizi mjini Karatu, fundi wa kompyuta Emilian Tluway (34) anaandika ombi la kununua sanduku jipya la kuhifadhia data za mtandao wa ofisi.

"Natakiwa kueleza la zamani lilikufaje," anasema, macho kwenye kibodi. "Nililiua mimi."

Wahusika watajwe kwa utaratibu. Mkuu wa asasi ni Laurencia. Mmoja wa wasimuliaji alikuwa mzee Sairowua wa Nainokanoka, kijiji cha Wamaasai milimani, aliyefariki Januari. Mjane wake ni Naishorua.

Sanduku la kwanza lilikuwa na diski mbili. Emilian angeweza kuzipa nakala ileile, moja ikifa nyingine ibaki. Yeye alipenda ukubwa: akaziunganisha ziwe ghala moja, terabaiti nane badala ya nne.

"Nilimuuliza, moja ikifa je?" anakumbuka Laurencia. "Akanicheka: 'Dada, mpya hizi, zitatuzika!'"

Machi diski moja ilikufa, na ghala zima likafa nayo. Rekodi 61 za wazee watano zikapotea. Nakala nyingine haikuwapo.

Wiki iliyofuata Naishorua alishuka Karatu na wajukuu, wasikie sauti ya babu yao. Emilian akamwambia rekodi zimeunguzwa na radi.

"Akasema radi ni ya Mungu, akanipa pole," anasimulia. "Pole ile inaniunguza hadi leo."

Jumamosi iliyopita alipanda Nainokanoka kukiri kwa Naishorua kwamba haikuwa radi, bali yeye aliweka rekodi zote ghala moja.

"Ero," akasema mama, akimwita kijana kwa Kimaasai, "mliweka zote boma moja?"

"Ndiyo, yeyo," akajibu Emilian, naye akimwita mama.

"Hata mlevi hafanyi hivyo! Ng'ombe wetu wengine wako kwa rafiki, wengine kwa shemeji. Ugonjwa ukiingia kwangu, kwao inabaki mbegu. Wewe ulisomea wapi?"

"Arusha, yeyo."

"Warudishie cheti chao."

Hakucheka, wala hakumfukuza. "Wamebaki wanne," akaongeza. "Nitawaomba waseme tena. Ila habari ya radi utawaeleza mwenyewe."

Sasa Emilian anaomba sanduku la diski nne, kila mbili zikishika nakala ileile, na kila Ijumaa nakala nyingine ipelekwe tawi la Endabash. Jumatatu atapanda tena, akiri kwanza, ndipo arekodi. Ya Sairowua hayarudi.

Tunamwomba Mola awape wanne hao umri na pumzi, wayaseme yao wayamalize.