Chupa Inayopinduliwa Mara Mbili

Kiwandani walimwita Bi Kizibo, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kukagua dawa ya kikohozi ya watoto kabla haijatoka: katika kila katoni anachomoa chupa moja, anajaribu kizibo, anaipindua, anangoja, kisha anaipindua tena. Mara ya kwanza, husema, ni ya kampuni. Ya pili ni ya mama mwenye mtoto.

Balaa ni kwamba aliingia na tabia hiyo kwenye mtihani wa kujiunga na shahada ya uzamili ya biashara. Kila swali alilijibu, akalihakiki, akalihakiki tena, huku saa ya kompyuta ikimkimbilia bila adabu. Muda ulipokwisha, maswali kadhaa hata hakuwa ameyaona. Alama zikapungua kidogo tu kufikia zilizotakiwa. Kidogo hicho ndicho kilichomnyima raha, maana bila shahada hiyo cheo cha mkuu wa ukaguzi kingemwendea mtu mwingine.

Arudie au asirudie? Mumewe, fundi wa kushona viti vya magari, alisema, "Rudia, mke wangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Mama mkwe akadakia, "Mwache apumzike. Mtaka yote hukosa yote."

Bi Kizibo akawakubalia wote wawili, na hapo ndipo alipozidi kuvurugikiwa.

Meneja wake ndiye aliyempa dawa, kama kweli ni dawa. "Shida yako hujui kuacha. Soma, jibu, songa. Usiangalie nyuma."

Basi akajizoeza. Jioni anakaa na maswali ya majaribio, anajibu na kusonga. Mwanzoni vidole vilimwasha kwa hamu ya kurudi nyuma. Baadaye vikazoea. Jumapili moja akamaliza jaribio zima na muda ukabaki, alama zikiwa juu kuliko alizotakiwa. Mumewe alipiga makofi peke yake kama ukumbi mzima.

Kesho yake kiwandani, shoga yake wa upakiaji akamshika mkono. "Shoga, katoni hii umeipitisha?"

"Nimeipitisha."

"Mbona inavuja?"

Vizibo vilikuwa vimelegea, karibu chupa zote. Alijaribu kukumbuka kama aliipindua ile chupa mara ya pili. Hakukumbuka hata ya kwanza. Aibu ikampanda hadi masikioni. Katoni ikarudishwa, meneja hata hakusikia. Lakini zilizotoka wiki iliyopita je? Zile alizipindua?

Alirudi nyumbani na swali hilo. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kujiandikisha kurudia mtihani.

"Tujiandikishe?" mumewe akauliza, simu mkononi tayari.

Kabla hajajibu, akamwona mama mkwe kashika kijiko, mtoto wao kampakata, na mezani chupa ya kiwanda chao.

"Ngoja kwanza, mama!"

Akaichukua, akakaza kizibo, akaipindua, akangoja. Kavu. Akaipindua tena.

"Mama, nakohoa," mtoto akalalamika.

"Basi tujiandikishe?" mume akarudia.

"Hapana. Si mwaka huu."

"Kwa nini?"

Labda ilikuwa busara, labda woga. Hata yeye hakuweza kutenganisha. Alichojua ni kwamba chupa bado iko mkononi mwake, na anataka kuipindua mara ya tatu.