Jani Kavu kwenye Tangi

Mume wangu Athanasi hakumwamini mtu. Hata mimi niliyemzalia watoto sikusalimika. Akinunua chumvi, lazima aionje kabla hajatoka dukani. Kijana asiyemjua akimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku anajiuliza huyu ana shida gani. Hapa kijijini kwetu Ndama walimzoea, wakamcheka, naye akawa anakariri sura za wanaomcheka.

Lakini mikono Mungu alimpa jamani, nisiseme uongo. Miaka ile ya themanini, mabaki ya magari yalikuwa bado yamelala vichakani tangu vita vya Kagera. Athanasi na rafiki yake Ildefonsi wakaokota bodi ya Land Rover huku, injini ya dizeli kule, wakaunga gari nyuma ya nyumba yetu. Mwisho wakaifunga tabo, kile kidude kinachozungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie injini hewa zaidi, gari lipate nguvu mlimani. Siku ya kwanza ilipopiga mluzi, hao wanaume wawili walikumbatiana kama watoto.

Ildefonsi alivushwa Mto Kagera kutoka Rwanda akiwa mgongoni mwa mama yake. Yeye na mkewe Kantengwa walijenga kwenye kipande cha shamba letu, naye ndiye aliyeendesha gari. Akiukosa usukani, amekosa na pa kulala. Hilo tulilijua wote.

Basi gari likaanza vituko. Tambarare linakwenda vizuri. Likipakiwa ndizi na kukabili mlima, tabo ikianza tu kupiga mluzi, injini inakabwa. Inasita, inaachia, inasita tena, mpaka inazima. Ukiliacha lipumzike kidogo, linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Athanasi akasafisha filta. Akabadilisha mipira ya hewa, akaipaka povu la sabuni aone kama inavuja. Nozeli za kunyunyizia mafuta zikapelekwa Bukoba, zikarudi nzima. Alipomaliza kushuku vyuma, akahamia kwa watu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akaninong'oneza. Kwamba Ildefonsi anaiba dizeli na kujazia maji. Nikamuuliza hiyo dizeli anaipeleka wapi, anawapikia mbuzi? Akasema anao ushahidi. Ushahidi gani? Hasemi. Lakini kila nikiandaa majani makavu ya mgomba ya kuzibia vibuyu vyangu vya lubisi, pombe yetu ya ndizi, nakuta yamepungua, nami nikidhani mume wangu anafutia grisi. Kumbe!

Siku moja tukapakia ndizi kwenda Isingiro. Ildefonsi kwenye usukani, Athanasi pembeni yake, mimi juu ya mikungu. Katikati ya mlima gari likakabwa, likazima. Athanasi akateremka kwa hasira. Akamwambia Ildefonsi ni mwizi, na kwamba tukirudi avunje nyumba yake aondoke shambani kwetu.

Ildefonsi hakubisha. Akaomba kitu kimoja tu, tangi lifunguliwe hapo hapo, wote tukiona. Wakalishusha, wakamimina dizeli kwenye karai. Ikatoka na nyuzinyuzi nyeusi, vipande vya majani, tena vingi. Vilikuwa vimejaa mdomoni mwa bomba linalonyonya mafuta. Injini ikitaka mafuta mengi mlimani, vinavutwa vinaziba. Ikizima, vinaachia.

"Umeona!" Athanasi akanigeukia. "Anatia takataka makusudi!"

Nikaokota kimoja ambacho hakijaoza. Kilikuwa kimesokotwa. Kwetu kibuyu cha lubisi hakifungwi kwa kufuli. Unasokota jani kavu, unaziba nalo mdomo, na kila mtu ana mkono wake wa kusokota. Ukilikuta limeguswa, unajua nyumbani kuna mwizi. Mimi nasokota kulia. Mume wangu alifundishwa na mama yake, husokota kushoto.

"Baba Kemirembe," nikamwambia, "hili ni la mkono wako."

Alikaa chini barabarani. Ukweli ukatoka kidogo kidogo. Alikuwa analisukuma jani ndani ya shingo ya tangi kwa siri, liwe mtego wa mwizi, maana kujaza mafuta alijaza mwenyewe. Akichungulia kesho yake halipo, basi mwizi amepita! Anatia jingine. Kumbe mashimo ya barabara ndiyo yaliyolidondosha ndani, na kila alivyozidi kushuku ndivyo alivyozidi kulikaba gari lake. Niliona aibu nikatamani kujifunika ile mikungu.

Ildefonsi akasafisha bomba, akafunga tangi, akafuta mikono yake taratibu. Kisha akampa Athanasi ufunguo.

"Kaka," akasema, "gari hili tulilijenga wote. Lakini mtego nikategewa mimi peke yangu."

Tuliomba msamaha. Athanasi alimfuata mpaka mlangoni kwake, yeye asiyejua kuomba hata maji. Ildefonsi alisamehe, lakini hakubaki. Kantengwa alikuwa na kaka yake huko Isingiro, wakaamua kuhamia kwake.

Gari lingine la kuwahamisha lingetoka wapi? Athanasi mwenyewe akaendesha. Tulipakia kitanda, mikeka, milango ya nyumba yao na mbuzi, nami nikakaa nyuma na Kantengwa, tumeshikana mikono. Tulipofika kwenye ule mlima, tabo ikaanza kupiga mluzi. Nilimwomba Mungu gari lisite, japo kidogo tu, tupate kusimama.

Halikusita.